Kumlea Mtoto Tangu Kunyonya Hata Ujana: Somo kwa Wazazi wa Malili na Kwingineko

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kupita kilometa 60 na kitu, hufika Malili katika nchi ya Makueni. Hapo huona maduka, malori yaliyopumzika kando ya njia, na wakati wa msimu wachuuzi wa maembe na machungwa. Karibu na hapo ndipo lilipo lile shamba kubwa la mifugo la Malili, ambalo Serikali ilinunua ekari zake 5,000 mwaka 2009 kwa ajili ya kujenga mji mpya wa Konza. Habari za mji huo zimesemwa sana. Juma hili twataka kusema habari za watoto wachungao mbuzi na kwenda shule pembezoni mwake, kwa kuwa hao ndio watakaokaa ndani yake, na jinsi watakavyokuwa yategemea sana mambo yafanywayo sasa majumbani mwao.

Wazazi wetu wengi hufanya kazi kwa bidii ili mtoto apate chakula, nguo na karo. Jambo hilo ni la kusifiwa. Lakini hudhani kwamba moyo wa mtoto hujilea wenyewe, kama mti wa porini uotavyo bila kutiwa maji. Sivyo. Mwili wa mtoto, moyo wake, na urafiki wake na watu waliomzunguka ni mambo matatu yaendayo pamoja. Moja likiumia, mengine hayakosi kuumia. Ushahidi wake tunao katika ugonjwa mmoja ambao akina mama wa Ukambani wanaujua vizuri, hasa katika miaka ya ukame.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEONDOLEWA MAPAJANI

Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi huko Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto ambao madaktari wenzake hawakuwa wameuelewa. Hakuupa jina la Kilatini. Aliwauliza akina mama wa kabila la Ga wanauitaje, nao wakamwambia: kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake azaliwapo. Mwaka 1935 alilitumia jina hilo katika jarida la madaktari la London, na tangu hapo limetumika ulimwenguni kote. Kwa Kiswahili twauita unyafuzi.

Miguu ya mtoto huvimba, na pengine uso pia, nywele huwa chache, nyepesi, na rangi yake hugeuka kuwa kama nyekundu, ngozi hubambuka. Dalili hizo kila mtu huziona. Lakini mama mwenye macho huona nyingine pamoja nazo, na mara nyingi mapema zaidi: mtoto hacheki, hataki kucheza, hukaa peke yake amenuna, na chakula akiletewa hugeuza uso. Watu husema, "Huyu anamwonea wivu mdogo wake," au, "Anadeka tu." Kumbe mtoto ni mgonjwa, na akicheleweshwa aweza kufa.

Tazama jinsi mambo yanavyofungamana hapa. Mama ameshika mimba nyingine, naye anamwachisha mtoto ziwa kwa ghafula, pengine katika siku moja. Ziwa lile lilikuwa chakula chake, tena lilikuwa mahali pake pa kutulia alipoumia au alipoogopa. Vyote viwili vinamtoka pamoja. Badala yake hupewa uji mwepesi wa mahindi, kisha huketishwa penye sahani moja na kaka zake, ambao mikono yao ni mirefu na myepesi kuliko yake. Mara nyingine hupelekwa kwa nyanya yake mbali, bila kuambiwa neno, ili asahau ziwa. Wataalamu wa siku hizi wanasema kwamba sababu za unyafuzi ni nyingi, na magonjwa ya kuhara yamo ndani yake, wala si upungufu wa chakula cha aina moja tu kama ilivyodhaniwa zamani. Hata hivyo akina mama wa Ga waliona vema walipompa ugonjwa jina la mtoto aliyepoteza mahali pake.

Basi la kufanya ni nini? Mtoto na anyonye hata atimize miaka miwili au zaidi, na kuachishwa kwake kuwe kwa polepole. Apewe sahani yake mwenyewe, na mtu mzima aketi karibu naye mpaka amalize. Chakula kipo: ndengu, kunde na mbaazi zilizopondwa vizuri, yai, maziwa ya mbuzi, mboga za majani, embe lililoiva. Isyo ya watu wazima ni chakula chema, lakini tumbo na meno ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu hayaiwezi mpaka ipondwe. Mtoto mpya azaliwapo, yule mkubwa apewe nafasi ya kumshika na kumwangalia, asifukuzwe kana kwamba ni mbuzi aliyeingia jikoni. Na hapa baba ana kazi yake: huu ndio wakati wa kumbeba huyu mkubwa mabegani na kwenda naye shambani. Wanaume wengine huona haya kuonekana hivyo. Sisi hatujaona sababu ya haya hiyo.

Tena madaktari hushauri ipite miaka miwili tangu mama ajifungue hata ashike mimba nyingine. Bibi muuguzi wa zahanati ataeleza njia za kupanga uzazi kwa mume na mke wakienda pamoja, na hiyo ndiyo njia bora ya kwenda.

Wahudumu wa afya wapitao vijijini wana utepe mdogo wa kupimia mkono wa mtoto kati ya bega na kiko, tangu miezi 6 hata miaka 5. Rangi ya kijani ni salama; manjano ni onyo; nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5, ni hatari, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe hata kama utepe unaonyesha kijani.

MTOTO MCHANGA HUJUA ZAIDI KULIKO TUDHANIVYO

Wakamba wa zamani hawakumpa mtoto jina siku ya kuzaliwa. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango huko Kitui, aliyefariki mwaka 2019, ameeleza katika vitabu vyake kwamba jina lilitolewa siku ya tatu, na siku ya nne baba alimvika mtoto mkufu shingoni. Hapo ndipo alipohesabiwa kuwa mtu kamili miongoni mwa watu. Na majina yenyewe yalikuwa na habari ndani yake: Mutuku ni aliyezaliwa usiku, Kioko ni wa asubuhi, Wambua ni wa wakati wa mvua, Wayua ni wa wakati wa njaa, Kyalo ni wa safarini, Mwende ni apendwaye. Kumwita mtoto kwa jina lake kulikuwa ni kumkumbusha siku aliyopokewa. Siku hizi mtoto aweza kupita juma zima akiitwa "wewe" na "njoo hapa," na huo si uungwana.

Watu wengi husema kwamba mtoto mchanga ni tumbo tu, akishiba basi. Jambo hilo lilichunguzwa papa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Bibi Mary Ainsworth, alikaa Uganda, akawa anazuru nyumba 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala, mara moja kila majuma mawili, saa mbili kila safari. Aliketi barazani pamoja na akina mama, akitazama watoto wao 28 walivyokuwa wakifanya. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967.

Aliona nini? Aliona kwamba mtoto ajifunzaye kutambaa huondoka kwa mama yake kwenda kutazama kuku, au kugusa kibuyu, kisha hugeuka kuangalia kama mama yupo. Akimwona, huendelea na safari yake. Mama akiondoka, safari hukoma na kilio huanza. Kwa hiyo kule kushikamana na mama si udhaifu wa mtoto. Ndiko kumpako ushujaa wa kwenda mbele. (Neno la Kiingereza wanalolitumia wataalamu kwa jambo hili limetusumbua katika kufasiri. Tumechagua "mshikamano." Msomaji mwenye neno bora na atuletee.) Aliona tena kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa wale akina mama ambao, walipoulizwa habari za watoto wao, waliweza kueleza mengi na kwa usahihi: hulia hivi akiwa na njaa, hulia vile akiwa na usingizi, hapendi kushikwa na fulani. Yaani walikuwa wakimtazama. Jambo hilo halihitaji fedha wala elimu ya shule, na mama wa Malili aendaye sokoni na mtoto mgongoni aweza kulifanya njiani.

Basi mtoto mchanga aanze kunyonyeshwa katika saa ya kwanza, na kwa miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Aliapo na apokewe. Mtoto wa miezi mitatu hajui kudeka. Asemeshwe, hata kama hajibu. Chanjo zake ni siku ya kuzaliwa, kisha majuma 6, 10 na 14, na ya surua miezi 9 na miezi 18, hazilipiwi. Kitabu chake cha zahanati kitunzwe kama hati ya shamba. Akihara, apewe chumvi ya kunywa iliyo katika pakiti za zahanati pamoja na vidonge vya zinki. Na kama pakiti hazipo karibu, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visizidishwe. Anyonye vile vile.

HABARI YA MAHINDI

Kuna jambo moja ambalo halina budi kusemwa katika nchi hii hasa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua, na 125 katika hao wakafa, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Wengi walikuwa watoto. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 watu 12 walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni.

Ajabu ni kwamba waliokufa mwaka 2004 hawakuwa wazembe. Njaa ilikuwapo, na kwa kuogopa wezi watu walivuna mahindi yangali na unyevu wakayaingiza ndani ya nyumba walimolala. Kule kulinda chakula ndiko kulikokiharibu. Sumu hii haionekani kwa macho sikuzote, wala haiondoki kwa kupika. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka yawe makavu kabisa; yawekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta; na punje zilizobadilika rangi zitolewe zikatupwe, wala wasipewe kuku na ng'ombe. Kukoboa mahindi kwa muthokoi, kama walivyofanya nyanya zetu, hupunguza sumu hiyo kwa sehemu, maana hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje. Lakini hakuwezi kuyafanya mahindi mabovu kuwa mazuri. Mtoto akigeuka manjano machoni na tumbo likivimba, msipoteze siku kwa dawa za nyumbani.

MTOTO WA SHULE

Mtoto akiisha kuingia shule, wazazi huanza kumpima kwa alama. Akishindwa, huitwa mvivu au mpumbavu, na fimbo huletwa. Yafaa kwanza kuuliza kama anasikia, kama anaona ubao, kama amekula, na kama yuko mtu amtishaye njiani.

Habari ya kula si dogo. Kati ya mwaka 1998 na 2000 wataalamu walichagua shule 12 huko Embu, ng'ambo ya Tana. Watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa shule: wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta tu, na wengine hawakupewa kitu shuleni. Waliokula nyama kidogo kila siku waliendelea kuliko wenzao katika mitihani ya kufikiri. Tena jambo ambalo wengi hawakulitarajia: katika kiwanja cha michezo hao ndio waliokimbia zaidi, walioanzisha michezo, na walioongoza wengine. Basi yule mtoto aketiye kando ya kiwanja peke yake huenda si mwenye tabia ya upweke; huenda hana nguvu.

Kuhusu fimbo, sheria ya Kenya iko wazi. Kupiga viboko shuleni kulikatazwa mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya mwili na mateso ya akili pia. Twajua kwamba wazee wengi watasema, "Sisi tulipigwa, nasi tukawa watu." Ni kweli wako waliopigwa wakawa watu. Lakini mtoto apigwaye kwa kila kosa hujifunza jambo moja upesi, nalo ni kuficha. Na siku atakapopatwa na jambo kubwa, kama vile mtu mzima kumshika pasipofaa, atalificha hilo nalo. Mzazi asiyeambiwa kitu hawezi kumlinda mtoto wake. Kuadhibu kupo kwa namna nyingine: aliyemwaga maji akateke mengine, aliyepoteza mbuzi aende na baba yake kumtafuta, na katika njia hiyo waseme.

Kazi za nyumbani zisiachwe. Mtoto apewaye kazi iwezekanayo kwa umri wake, akashukuriwa, hujiona kuwa ana mahali katika nyumba. Lakini msichana wa miaka tisa atekaye maji mtoni alfajiri, akarudi kupika uji, kisha akafika shule akisinzia, huku kaka yake akingali amelala, huyo hafundishwi kazi, anatumikishwa.

KIJANA NA MTU WA KUMWULIZA

Zamani Mkamba alipokua alipitishwa katika nzaiko, na huko alikuwa na mtu mzima wa kumwangalia na kumfundisha adabu, mafumbo ya ukubwa, na mambo ya mume na mke. Haifai kuyarudisha yote ya zamani: kuwakata wasichana kuliwaletea madhara, na sheria ya mwaka 2011 imekukataza kabisa. Lakini pamoja na hayo limepotea jambo jema, yaani yule mtu wa tatu, asiye baba wala mama, ambaye kijana aliweza kumwuliza neno la aibu. Nafasi hiyo haikai tupu. Kando ya barabara kuu wapo watu wengi walio tayari kumfundisha msichana wa miaka 14, na simu ya mkononi hufundisha usiku kucha.

Kwa hiyo kila nyumba na imchagulie kijana wake shangazi, mjomba, nyanya au babu aliye mwaminifu, na wazazi wakubaliane kwamba yasemwayo huko hayatapigiwa mbiu. Msichana aelezwe habari za hedhi kabla haijamjia, si siku anayorudi shuleni akilia. Akitimiza miaka 10 apate ile chanjo iliyoletwa mwaka 2019, imkingayo na saratani ya mlango wa kizazi. Mvulana naye aelezwe mabadiliko ya mwili wake na wajibu wake, maana ni desturi mbaya kumwonya msichana peke yake kana kwamba hupata mimba bila mtu.

Kijana anayeanza kukosa usingizi, kuacha rafiki zake, kutokula, au kusema kwamba maisha hayana maana, asichekwe wala asihubiriwe tu. Huo waweza kuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote, na hospitalini wapo wanaoutibu. Mtu asiachwe peke yake katika siku hizo.

Neno kwa akina baba walio mbali. Wanaume wengi wa Malili na vijiji vyake hufanya kazi Nairobi au Mombasa, au huendesha malori, na nyumbani hujulikana kwa fedha wanazotuma. Upigapo simu, usiishie kumwuliza mama kama fedha zimefika. Omba usemeshwe na kila mtoto, mmoja mmoja, kwa jina lake. Umwulize jambo alilokwambia mara iliyopita, kwamba yule mbuzi amezaa, au kwamba yule mwalimu mpya ni mkali. Dakika tatu kwa kila mmoja zatosha. Na mtoto au jirani aonaye mtoto akiteswa, akinyimwa chakula au akiharibiwa, apige simu namba 116, mchana au usiku, haitozwi senti.